Ushahidi wa Mtembezi Mpweke

Kiswahili hakimwamini sana mtu anayekwenda kwa miguu pasipo haja. Methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake inamsuta anayezurura bila faida, na ile nyingine, msafiri kafiri, inamtilia shaka hata mwenye safari ya haki. Wapo wanaoipunguza makali methali hii ya pili kwa kueleza kwamba inahusu ruhusa tu, yaani ile tahafifu ambayo dini humpa aliye safarini ya kupunguza rakaa na kuahirisha saumu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamalizi jambo. Neno lililochaguliwa ni zito mno kwa ajili ya ruhusa. Ndani ya mzaha huo mna wasiwasi wa kweli: mtu akishatoka machoni pa jamaa zake, nani atakayemshuhudia? Na akirudi na kusimulia aliyoyaona na aliyoyatenda, asadikiwe kwa msingi gani?

Makala haya yanalifuatia swali hilo mahali linapojitokeza bila pazia: katika siku moja ya mtu anayetembea peke yake katika njia ndefu ya milimani, kisha jioni akajikuta miongoni mwa watembezi wengine asiowajua. Fasihi ya Kiswahili haina mifano mingi ya siku kama hiyo. Masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli ni, kwa sehemu kubwa, masimulizi ya misafara. Watu huenda kwa wingi, kwa mizigo na kwa haja ya biashara, na anayeachwa nyuma yumo hatarini. Upweke njiani ulikuwa balaa, haukuwa chaguo. Mfano basi hauna budi kutafutwa kwingine, na ulio wazi zaidi unapatikana Marekani.

Mwaka 1921 Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu na mipango ya ardhi, alichapisha pendekezo la njia ya miguu itakayofuata migongo ya milima ya Appalachia. Njia hiyo, Appalachian Trail, ilikamilika mwaka 1937. Inaanzia Springer Mountain jimboni Georgia, inapita majimbo 14, na kuishia katika kilele cha Katahdin huko Maine, mwendo wa kilomita 3,500 hivi. Alama zake ni mistari myeupe ya rangi, upana wa sentimita 5 na urefu wa 15, iliyopakwa juu ya miti na mawe. Kandokando yake vimejengwa vibanda zaidi ya 250, vingi vikiwa na kuta tatu tu, upande wa nne ukiachwa wazi kwa upepo na kwa yeyote ajaye. Ndani ya kibanda aghalabu huwekwa daftari. Anayefika huandika anachotaka, kisha hutia jina, ambalo mara nyingi si lile aliloitwa na wazazi wake bali lakabu aliyoipata njiani. Washairi wa Kiswahili wanaojadiliana magazetini kwa lakabu zao wangejiona wako kwao.

Siku yenyewe ya mtembezi huyu ni maskini wa matukio. Anaamka kabla ya jua, anafunga shanta lake, anaondoka. Saa za kwanza akili bado imejaa mambo ya nyumbani: deni, ugomvi, barua ambayo haikujibiwa. Kadiri mwendo unavyozidi, mawazo hayo hupungua, si kwa sababu yamepata ufumbuzi, bali kwa sababu goti linauma na mteremko unateleza. Mchana mtu huyu huwa amebakia na mambo matatu au manne tu ya kufikiri: alama nyeupe inayofuata, maji, wingu lililo upande wa magharibi, na chakula kilichosalia. Sauti yake mwenyewe hajaisikia tangu asubuhi. Ndiyo maana jioni, anapokaribia kibanda na kutoa salamu, neno la kwanza hutoka likiwa na mikwaruzo.

Upweke huo, hata hivyo, si upweke kamili, na yafaa kuliweka wazi hilo mapema. Mstari mweupe ulipakwa na mtu. Gogo lililoanguka njiani lilikatwa na kusogezwa na wanachama wa vyama vya kujitolea ambao hawalipwi kwa kazi hiyo. Mtembezi anayesema hakumwona mtu kutwa nzima anasema kweli, lakini kutwa nzima alikuwa akiongozwa.

Jioni hali hubadilika. Kibandani wamekwisha kufika wawili watatu. Mmoja anachemsha maji, mwingine amenyoosha miguu iliyojaa malengelenge. Hawaulizani kazi wala ukoo. Swali la kwanza huwa ni la njia, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watembezi wengi huanzia Georgia majira ya kuchipua na kuelekea kaskazini. Wachache huanzia Maine baadaye na kuelekea kusini. Wanapokutana kibanda kimoja, jana ya mmoja ndiyo kesho ya mwenzake. Yule anayetoka kaskazini anajua kama chemchemi ya mbele ina maji au imekauka, jambo la kawaida mwishoni mwa kiangazi katika migongo yenye mawe ya Pennsylvania. Yule anayetoka kusini anajua mahali daraja lilipochukuliwa na mafuriko. Hakuna kati yao aliyekuwa na shahidi mchana huo. Kila mmoja anatoa habari ambayo ni yeye peke yake aliyeiona, na mwenzake ataitegemea kwa mwili wake, si kwa maoni yake tu.

Mwanafalsafa anayehesabiwa kuwa baba wa watembezi wapweke angeupinga mfano huu. Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha mwisho juu ya matembezi yake ya upweke, kitabu alichokiacha bila kukimaliza alipofariki mwaka 1778 na kilichotolewa mwaka 1782, anajitangaza kuwa ameachana na jamii na kwamba anajiandikia yeye mwenyewe tu. Kwa mtazamo wake siku ya upweke imejitosheleza. Haihitaji kupelekwa kibandani. Lakini kitabu hicho hicho kinamsaliti. Katika tembezi la pili anaeleza mkasa wa tarehe 24 Oktoba 1776: akiteremka kutoka Ménilmontant, karibu na Paris, alikumbwa na mbwa mkubwa aliyekuwa akikimbia mbele ya gari la farasi, akaanguka na kupoteza fahamu. Alipozinduka alikuwa mikononi mwa vijana watatu au wanne, na ni wao waliomweleza yaliyompata. Tukio kubwa kuliko yote ya siku ile ya upweke, basi, mwenye siku hakulishuhudia. Alilipokea kwa masimulizi ya wapita njia, akalisadiki, akaliandika kama lake. Baadaye uvumi ulienea kwamba amekufa, naye akalalamika kwa uchungu jinsi watu wanavyoweza kusimulia uwongo juu ya mtu. Hakusita kuona kwamba wale vijana wa Ménilmontant wangeweza nao kumdanganya, na hawakufanya hivyo.

Ipo pia hoja ya wahakiki, na hii ni ya kisasa zaidi. Kwa muda mrefu sasa imekuwa desturi katika idara za fasihi kusema kwamba simulizi yoyote ya safari ni ubunifu. Kwamba msimulizi huchagua, hupanga, hupamba, na kwa hiyo suala la ukweli halina nafasi katika uhakiki wake. Mtazamo huu una raha yake katika semina, lakini hauna maji. Aliyeambiwa kwamba chemchemi ipo baada ya mwendo wa saa mbili, akaikuta imekauka, hatafarijiwa na maelezo kuhusu upangaji wa msuko. Ni kweli kwamba kila masimulizi huchagua. Haifuati kwamba kila kuchagua ni sawa na kudanganya.

Jibu la haraka litakuwa kwamba kuna masimulizi ya aina mbili kibandani: habari za maji, ambazo lazima ziwe kweli, na porojo za jioni, ambazo hazimdhuru mtu. Aliyetembea kilomita 20 akasema 30, au aliyedandia gari sehemu ya njia akajisifu kwamba hakuinua mguu wake ardhini ila kuuweka mbele, amemwibia nani? Mgawanyo huu unavutia, na katika maisha ya kawaida pengine unafaa. Usiku kibandani haufai, kwa sababu rahisi: mdomo ni ule ule. Wanaosikiliza hawana njia nyingine ya kumpima msemaji ila namna anavyosimulia siku yake. Akiongeza kilomita kumi ili wamshangae, amewafundisha kupunguza kila atakachosema, na miongoni mwa watakachopunguza imo ile chemchemi.

Wako waliojaribu kuliondoa tatizo hili kwa mihuri. Katika njia ya kale ya mahujaji kwenda Santiago de Compostela, huko Hispania, mtembezi hubeba hati inayopigwa muhuri mahali anapolala, anapokula au anapoingia kanisani. Anayetaka cheti cha kuthibitisha hija yake sharti awe ametembea angalau kilomita 100, na mihuri isipungue miwili kwa siku. Utaratibu huu una busara zake kwa kuwa cheti kinatolewa na kanisa na wengi wanakitamani. Hata hivyo muhuri unathibitisha mahali tu. Unasema kwamba mtu huyu alifika hapa. Hausemi aliyaona nini, wala kama maneno yake yanaaminika. Appalachian Trail imefuata mkondo mwingine. Shirika linaloitunza huwaandikisha waliomaliza njia nzima kwa kutegemea uungwana wao: mtu anasema ametembea, naye anasadikiwa.

Uungwana huo una historia yenye mashaka. Mwaka 1948 Earl Shaffer, askari aliyetoka katika Vita vya Pili vya Dunia, alitangaza kwamba ametembea njia nzima kwa safari moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kusikika. Alikuwa amepanga kuitembea pamoja na rafiki yake wa utotoni, lakini rafiki huyo aliuawa Iwo Jima, naye akaenda peke yake. Wakubwa wa njia mwanzoni walimtilia shaka. Akawaonyesha picha zake na shajara yake ndogo, akawasimulia, nao wakasadiki. Miongo mingi baadaye, baada ya Shaffer kufa, mtafiti mmoja aliisoma shajara hiyo hiyo ukurasa kwa ukurasa na kudai kwamba kuna sehemu za njia ambazo hakuzitembea. Wengine wamepinga hesabu hizo. Wengine wamesema kwamba mwaka ule alama zilikuwa zimefutika pengi kiasi kwamba hata mkweli angepotea. Makala haya hayawezi kuamua kesi hiyo. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba shajara ile iliandikwa na mtu mpweke, usiku, kwa ajili ya kumbukumbu yake, na ikageuka mara mbili kuwa shahidi: mara ya kwanza shahidi wa mtetezi, mara ya pili shahidi wa mashtaka. Na yeyote atakayeitumia, kwa upande wowote, itambidi kwanza aisadiki. Hata yule mtafiti mwenye shaka alijenga mashtaka yake juu ya imani kwamba, katika kurasa zile, Shaffer hakuwa akidanganya.

Hadi hapa imezungumziwa haki ya msikilizaji. Msimulizi naye ana haki yake, na hii ni nzito zaidi. Je, anayetakiwa aseme kweli anatakiwa aseme yote?

Emma Gatewood alikuwa na umri wa miaka 67 alipoianza njia hiyo mwaka 1955, mama wa watoto 11, mkazi wa Ohio. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa safari moja. Aliwaaga watoto wake kwa kusema tu kwamba anakwenda kutembea. Hakubeba hema; alibeba mfuko alioushona mwenyewe. Mwaka uliotangulia alijaribu kuanzia Maine, akapotea, akarudishwa, na habari za kushindwa huko hakumwambia mtu. Waandishi wa magazeti walipomfuata njiani na kumwuliza sababu ya safari, kila mara alitoa jibu tofauti, na yote yalikuwa mepesi. Maisha yake na mume aliyempiga kwa miaka mingi yalikuja kujulikana kwa wasomaji wengi baadaye sana, hasa kutokana na kitabu cha Ben Montgomery cha mwaka 2014.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zingelionea wivu, nalo ni sitara. Sitara si uwongo. Ni kile kinachofunika bila kubadilisha kilichofunikwa. Mwanamke anayesema anakwenda kutembea, naye kweli anakwenda kutembea, hajamdanganya mtu; amejisitiri. Watu waliompokea jioni, waliompa kitanda au nafasi sakafuni, walipata kwake kila walichohitaji kukijua kuhusu njia. Walichotamani tu kukijua hawakukipata, na hawakudhulumiwa. Wasimulizi wengi wa siku hizi wameipoteza tofauti hii. Wanadhani kwamba uaminifu wa masimulizi hupimwa kwa wingi wa majeraha yanayofunuliwa, na msomaji anayeombwa kuwasadiki hujikuta ameombwa pia kuwatazama uchi.

Mfano bora wa jambo hili hauko Marekani, uko Pate. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, kama ulivyotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa ameuhama mji na kuingia msituni, akakaa na watu wa huko. Watu hao wameahidiwa ujira na mfalme ili wamuue. Wanapendekeza kula kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mkoma na kuangua, wote wale pamoja. Kusudi lao ni kwamba siku ya zamu yake, Liyongo akiwa juu ya mti, mikono yake imeshika shina, wamlenge kwa mishale. Wahakiki wengi wamekitumia kisa hiki kuonyesha werevu wa shujaa, na ni kweli kwamba werevu upo. Lakini maadili ya kisa yako mahali pengine kidogo. Liyongo hakukikataa kikoa. Angeweza kuwakimbia, angeweza kusema hana njaa. Hata hivyo zamu yake ilipofika alitoa sehemu yake kamili, tena makoma yaliyo mazuri. Alichokataa ni kupanda. Aliyaangusha kwa mshale, miguu yake ikiwa chini.

Mtembezi mpweke afikapo kibandani jioni yuko katika hali iyo hiyo, ingawa kwa bahati njema wenzake aghalabu hawana mishale. Kikoa cha pale ni habari, na zamu yake haikwepeki: amekula makoma ya wengine, yaani ametumia alama zao, gogo walilolisogeza, kibanda walichokijenga, na neno lao kuhusu maji ya leo. Asipotoa chochote amekuwa mdeni. Robert Louis Stevenson, ambaye mwaka 1878 alivuka milima ya Cévennes akiwa na punda, aliwahi kulala usiku mmoja peke yake chini ya misonobari, na asubuhi, alipoondoka, akadondosha sarafu juu ya majani kulipia malazi yake. Hapakuwa na mwenye nyumba. Ni kitendo cha kuchekesha, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Lakini aliyekitenda alikuwa ametambua kwamba hata usiku wa upweke kuna mtu, asiyejulikana, anayedai. Kibandani mdai huyo ana uso, amekaa upande wa pili wa moto, na malipo anayoyataka ni maneno machache yaliyo sahihi.

Kutoa maneno hayo hakumlazimishi mtu kupanda mti. Gatewood alipokwamishwa na mto uliofurika huko Vermont, baada ya mvua za tufani za Agosti 1955, vijana wawili waliokuwa wakitembea njia hiyo hiyo walimfunga kamba katikati yao na kumvusha. Kabla ya kujifunga kamba moja na mtu, kuna mambo ambayo hayana budi kuulizwa: kama anaweza kusimama katika maji yenye nguvu, kama mguu wake ni mzima. Majibu ya maswali hayo yakiwa ya uwongo, watatu wote wangeweza kuchukuliwa. Kwa nini bibi wa umri ule yuko mlimani peke yake hakukuwa na haja ya kujulikana ili mto uvukwe.

Huenda hii ndiyo sababu wanaotembea hivi hawapendi, jioni, kuchanganyika na wageni waliokuja kwa gari kupiga picha, ingawa hawa nao ni watu wema na mara nyingi huleta matunda. Mgeni wa gari husikiliza kwa kustaajabu, naye anayestaajabu ni rahisi kudanganyika. Mtembezi mwenzake husikiliza kwa namna nyingine. Yeye naye siku yake haina shahidi. Kesho usiku atakaa kibanda kingine, mbele ya watu wengine, akihitaji kusadikiwa kwa kauli yake tupu. Hivyo hamkatizi msemaji, wala hamsifu. Huuliza tu pale mahali njia inapogawanyika, je, alama iko juu ya mwamba au juu ya mti, na jibu hulirudia polepole ili lisimtoke.

Asubuhi kila mmoja huondoka kwa saa yake. Hapana maagano marefu, na wengi hawataonana tena, kwa kuwa mmoja anaelekea kaskazini na mwingine kusini. Anayeelekea kaskazini, kabla ya kulifunga shanta, huteremka hadi kwenye chemchemi ya hapo na kujaza chupa zake zote mbili, uzito ambao jana asingekubali kuubeba. Usiku aliambiwa kwamba ile ya mbele imekauka.